Springi ya Kassimu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilikalishwa.

Nilifika karakana ya Mzee Chandu saa mbili asubuhi, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, upande unaoelekea Gerezani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, elimu ya darasa la tano kutoka Newala, na shati moja la heshima. Binamu yangu, mpagazi wa pale sokoni, ndiye aliyeniombea nafasi. Mzee Chandu alikuwa Mhindi mwembamba wa Upanga, miwani kaifunga kwa uzi nyuma ya kichwa, mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaninyooshea kidole pikipiki iliyosimama mlangoni.

"Panda."

"Mzee, mimi sijui kuendesha."

"Nani kasema endesha? Panda, kaa."

Nikapanda. Nikavuta tumbo ndani, nikanyoosha mgongo, nikatazama mbele kama askari. Mafundi waliokuwa ndani wakaanza kucheka. Mzee akachuchumaa nyuma yangu, futi ya fundi nguo inaning'inia shingoni.

"Kaa kama unaenda kazini," akasema. "Hapa hapigwi mtu picha."

Nikaachia pumzi, na pikipiki ikashuka kidogo chini yangu. Akapima kutoka ekseli ya gurudumu la nyuma hadi alama ya chaki aliyoichora chini ya kiti. "Wewe kilo hamsini na nane," akasema. Mchana binamu yangu akanipeleka kwenye mzani wa magunia ya viazi. Mzee alikosea kilo moja tu.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya zaidi ya miaka ishirini, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza ninyi mafundi vijana mnaofunga shokapu siku hizi bila hata kumtazama mwenye pikipiki. Nitataja na majina. Mtu akikuharibia, mtaje, la sivyo ataonekana mwema mpaka anazikwa.

Shokapu, kwa asiyejua, ni kitu cha nyuma kinachobeba mtu. Pikipiki nyingi za hapa mjini zina pea, moja kulia na moja kushoto. Nje kuna springi, ndani kuna rodi inayopanda na kushuka kwenye oili. Watu wanadhani springi ndiyo kila kitu. Mzee Chandu alinifundisha vingine. Springi ukiikandamiza inakuwa na hasira, inataka kurudi kwa nguvu zile zile. Oili inapita kwenye vitundu vidogo, na ndiyo inayoiambia rudi polepole. Ukiweka springi ngumu na oili nyepesi, tuta la kwanza linakupandisha kwenye kiti, la pili linakutupa.

Pikipiki zinazokuja hapa zimetengenezwa kwa mtu wa kilo sitini na tano hivi. Kiwanda hakimjui mtu wa kilo mia na ishirini, hakijui kwamba nyuma yake atapakia mama mmoja na ndoo mbili za samaki. Mtu huyo akikaa, shokapu inakuwa imemaliza safari yake ya kushuka kabla hajaondoka. Kila shimo linapiga kwenye chuma, kutoka kwenye chuma linaingia kiunoni.

Sasa utaratibu wa Mzee Chandu ulikuwa huu, na hakuna aliyewahi kuuruka. Kwanza, pikipiki inainuliwa mpaka gurudumu la nyuma linaning'inia, unapima. Pili, inashushwa ikasimama peke yake, unapima. Tatu, mwenyewe anakalishwa. Yeye mwenyewe, siyo mdogo wake, siyo rafiki yake, na anakuja na koti lake, helmeti yake, na abiria kama anabeba abiria. Unapima. Mtu anatakiwa kuzama theluthi ya safari ya shokapu. Akizama zaidi, unamtafutia springi ya waya mnene zaidi, halafu unafungua shokapu na kubadilisha oili iwe nzito kulingana na springi hiyo. Akizama kidogo mno, umemkomoa, maana gurudumu litakuwa linaruka ruka. Na urefu wa shokapu hauguswi hata kidogo, kwa sababu ukiinua nyuma, mnyororo unasugua na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto.

Mwaka wa kwanza niliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili nikakabidhiwa ukuta wa springi. Ukuta ule! Springi zaidi ya mia mbili zimetundikwa kwenye misumari, nyingine mpya, nyingi zilizong'olewa kwenye mapikipiki makubwa ya mitumba, kila moja ina kipande cha bati chenye kilo zake kilichogongwa kwa tindo. Mzee alikuwa akiijaribu kila springi mwenyewe chini ya mzani wake wa chuma. Nikifumba macho sasa hivi naweza kukuonyesha ipi ilikuwa wapi. Safu ya juu wembamba, safu ya katikati watu wa kawaida, safu ya chini karibu na sakafu wazee wenye vitambi, mapadri na wenye maduka.

Mwaka wa nne Mzee akanipa futi yake shingoni. Nikawa mkalishaji.

Kassimu alikuja wakati bodaboda zimeanza kujaa mjini. Alikuwa na kijiwe Mnazi Mmoja, mtu wa Magomeni, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Mwili mkubwa. Si mnene wa kulegea, mkubwa tu, kama mlango wa godauni. Pikipiki yake ilikuwa imekaa chini nyuma kama mbwa anayejikuna, na mgongo ulikuwa unamuuma kiasi kwamba akishuka alikuwa anajishika kiuno kwanza ndipo anaamkia.

Tulipompeleka kwenye mzani wa viazi wapagazi wakaacha kazi.

"Leteni gunia lingine huku, hili mizani imelikataa!"

"Hili gunia linaongea," Kassimu akajibu, "na leo halibebwi na nyie, mikono yenu ya kubebea vitunguu."

Kilo mia na ishirini na saba. Mtu mwingine angeona aibu. Wengi walikuwa wanaona aibu, wanakuja na uzito wa uongo, au wanamtuma shemeji. Kassimu alikaa kwenye pikipiki katikati ya mtaa, watu wamejaa, akaweka helmeti, akamwita mwanamke aliyekuwa anapita tu, akamwambia, "Dada, panda hapa dakika mbili, nakupimisha bure." Mzee Chandu alicheka mpaka akavua miwani.

Tulikaa siku tatu na ile pea. Springi tulizitoa kwenye msumari wa mwisho kabisa, pembeni ya mlango wa choo. Oili tulichanganya mara nne ndipo Mzee akaridhika. Alikuwa anasukuma rodi kwa kiganja, anasikiliza, anasema, "Bado inakimbia." Anamwaga. Anaweka nyingine. "Bado." Siku ya tatu akasukuma, rodi ikapanda kwa adabu, akanitazama. "Sasa inatembea."

Kassimu akaenda kuzunguka. Alirudi baada ya nusu saa, akashuka, akasimama wima bila kujishika kiuno. Kisha akamkumbatia Mzee Chandu na kumwinua juu, miguu ya Mzee ikaning'inia na kandambili moja ikaanguka.

"Niweke chini, wewe mwendawazimu!"

"Mzee, leo umenizaa."

Kuanzia hapo tukawa ndugu. Mchana nikiwa na nafasi natembea mpaka Mnazi Mmoja, tunakunywa kahawa, ananieleza matuta yote ya mji kama mtu anayesimulia wake zake. Zile shokapu zilifanya kazi miaka sita mpaka pikipiki yenyewe ikachoka.

Nataka mjue tulikuwa na raha. Siyo ya fedha. Ilikuwa raha ya mtu kujua kwamba kitu alichokifunga kiko barabarani kinabeba mtu, na huyo mtu hafikirii hata kidogo kuhusu mgongo wake. Hiyo raha sijaipata tena mahali popote, na nimeitafuta.

Sasa majina.

Mzee Chandu alipooza upande mmoja, akawa hatoki tena nyumbani kwake Upanga. Karakana ikashikwa na mwanawe, Dilipu. Dilipu hakuwa na chuki na mtu, nasema ukweli, lakini karakana kwake ilikuwa kama nguo ya marehemu: hakutaka kuivaa wala kuitupa. Akamweka msimamizi, Erasto, aliyetoka kuuza vipuri. Wa kwanza katika kesi yangu ni Dilipu, kwa sababu wiki ya pili tu aliita watu wa vyuma chakavu, wakaushusha ukuta wa springi, wakaumwaga kwenye kitoroli. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia, "Bosi, hizo zimepimwa moja moja." Akanijibu, "Saidi, tunauza shokapu za boksi. Nani bado anafungua shokapu?"

Wa pili ni Erasto. Erasto alifuta kukalisha. Alisema watu wanajaa mtaani kucheka na kazi inasimama. Badala yake akaleta kitu alichokiita dawa. Unachukua bomba la maji la chuma, unakata pete ya upana wa vidole viwili, unaitia chini ya springi. Springi inabanwa, pikipiki inanyanyuka nyuma, mteja mzito akiiona imesimama juu anafurahi. Lakini springi haijaongezeka nguvu hata chembe. Umemuibia safari yake tu. Akikutana na shimo la kweli, mizunguko ya springi inagusana yote, springi inakuwa nondo, na kishindo kinaenda kwenye sikio la shokapu, pale bolti inapopita. Kila siku kishindo. Chuma nacho kinachoka.

Kassimu alikuja na pikipiki yake mpya wakati huo. "Fundi Saidi, nitengenezee kama ile."

Nikatoa futi. Erasto akaniita ndani.

"Unataka kufanya nini?"

"Namkalisha."

"Umkalishe ndiyo upate nini? Springi ya kumpa unayo?"

"Sina. Lakini naweza kwenda Upanga, nikamuulize Mzee tunaweza kuipata wapi."

"Mzee hata jina lake halikumbuki vizuri. Mtie bomba, wewe mtu wa Ntwara. Au ukafungue karakana yako huko kwenu kwenye korosho."

Upanga si mbali. Ni mwendo wa kutembea. Ningeweza kwenda nikarudi kabla ya adhuhuri. Sikwenda. Nilichukua msumeno nikakata bomba, pete mbili, vidole viwili, nikazipiga tupa vizuri zisiwe na ncha, kana kwamba unadhifu ungezigeuza kuwa kitu kingine.

Kassimu alizitazama shokapu zikiwa zimefungwa, zinang'aa. Akaniuliza, "Hii ni ile ile ya Mzee?"

Nikasema, "Ile ile."

Kwa hiyo wa tatu ni mimi. Jina langu mmeshalisikia.

Haikufika miezi mitatu. Tulikuwa tunatoka Mnazi Mmoja kuelekea Magomeni, mimi nimepanda nyuma, mchana kweupe, Kassimu ananisimulia habari za mkwe wake. Tumeshuka Jangwani. Kulikuwa na shimo lililojaa maji, halionekani kina. Nilisikia sauti, nikaijua kabla hatujaanguka, sauti kavu, sikio la kushoto limekatika. Gurudumu likalala upande mmoja, likabana kwenye fremu.

Mimi nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia, na vidole viwili havikukunjuka tena. Kassimu alivunjika nyonga.

Tukiwa tumelazwa wodi moja, vitanda viwili katikati yetu, Erasto alikuja na machungwa kwenye mfuko. Akasimama miguuni kwa Kassimu, uso wa msiba.

"Pole, ndugu yangu. Ila tuambiane ukweli. Pikipiki ina kipimo chake. Kwa mwili wako, na mtu nyuma, umeizidi. Hata fundi angekuwa malaika."

 Yule mtu niliyemwona akijibu wapagazi wote wa Kariakoo, alivuta shuka mpaka kifuani kama anayejificha.

"Ni kweli, msimamizi," akasema. "Nimezidi."

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa naogopa kazi yangu, na nilikuwa naogopa zaidi kwamba angenitazama. Nikamenya chungwa kwa mkono wa kushoto.

Kazi yenyewe haikunisubiri. Fundi wa shokapu bila vidole vya kulia hawezi kushika vile vyuma vyembamba kama sahani vya ndani ya shokapu, hawezi kusikia rodi kwa kiganja. Nilijaribu kibanda changu mwenyewe Magomeni, nabadilisha matairi, naziba pancha, mpaka hata hilo likanishinda. Mzee Chandu alikufa mwaka uliofuata ajali. Karakana sasa ni duka la simu. Erasto yupo, ana duka la vipuri na tumbo zuri, tukikutana ananiita mzee mwenzangu.

Nimestaafu mtu wa miaka hamsini na kitu, bila barua wala sherehe. Jioni nakaa kibarazani natazama magurudumu ya nyuma yanavyopita. Nakwambia huyu amezama, huyu anapigwa, huyu springi yake imekufa upande mmoja. Wajukuu wanadhani nahesabu pikipiki. Namtamani Mzee Chandu anayemwaga oili akisema bado. Ule ukuta nao nautamani kama mtu anavyotamani nyumba aliyozaliwa. Wakati mwingine naamka mkono huu mbovu umejikunja kama umeshika rodi.

Na Kassimu. Anatembea na fimbo. Mkewe, Zuhura, ana genge mbele ya nyumba, mitaa miwili kutoka kwangu, na Kassimu anakaa pale anapima nyanya. Nilikuwa naenda kila Ijumaa baada ya swala. Mwaka hadi mwaka nilimwona anapungua. Alikuwa anakula nusu sahani. Ukimwambia ongeza, anasema, "Mwili huu umeshaumiza watu." Anautazama mkono wangu anaposema hivyo. Miaka tisa.

Ijumaa moja alikuja mtu wa kijiwe cha Mnazi Mmoja, anaitwa Peter, Mngoni wa Songea, mwili wa Kassimu wa zamani kabisa. Amepata pikipiki, mgongo unamuua, amesikia hapa kuna mkongwe. Akaamkia, akakaa kwenye kreti, kreti ikalia.

"Achana na hiyo kazi," Kassimu akamwambia. "Nakwambia kama mdogo wangu. Sisi miili yetu haikuumbiwa pikipiki. Utaua abiria."

"Lakini mzee, wewe si uliendesha miaka mingi?"

"Nikaishia hapa. Muulize Fundi Saidi, huyu alikuwepo. Saidi, mwambie."

Peter akanigeukia. Kassimu akanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na mchana ungeendelea.

Nikasema, "Siyo uzito, Kassimu. Ni bomba."

"Bomba gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, ukuta uliouzwa, Erasto, pete za vidole viwili, msumeno, na lile neno langu la ile ile. Peter aliinuka akasogea pembeni, akajifanya anachagua vitunguu. Nilipomaliza, Kassimu alikuwa anatazama fimbo yake.

"Kwa hiyo sikuwa mzito?"

"Ulikuwa mzito. Kilo mia na ishirini na saba. Lakini kilo hizo zilikuwa na springi yake, na tulishawahi kukufungia, na ulikaa juu yake miaka sita."

"Na pale hospitali ulikuwa kitanda kile cha dirishani."

"Ndiyo."

"Unasikia kila kitu."

"Ndiyo."

 Zuhura alikuwa ndani anapakua, maana ulikuwa wakati wa chakula. Kassimu akamwita.

"Mama Zena! Wali umenipakulia?"

"Nakuletea, nimekuwekea nusu."

"Niletee wote."

Zuhura akatoka na sinia, anamtazama kwa mshangao, akaliweka juu ya kreti, wali na maharage na kipande cha samaki, akarudi ndani. Kassimu akanawa. Akaanza kula. Alikula polepole, matonge makubwa, bila kuinua uso. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, umbali wa mkono. Hapa kwetu hata mpita njia usiyemjua unamwambia karibu. Peter alipoaga kwa mbali, Kassimu alimwambia, "Karibu chakula, mdogo wangu," na Peter akashukuru, akaenda zake.

Mimi hakuniambia.

Sikuondoka. Alikula mpaka akafuta sinia kwa kidole. Zuhura alipotoka kuchukua vyombo aliona sinia tupu, akaona mikono yangu mikavu, akanitazama mimi, akamtazama mumewe, akachukua sinia, akarudi ndani.